Besi ya Mzee Ponnusamy

Besi ya spika za sebuleni ilipopita, vyombo vya chuma jikoni vililia kabla ukuta haujatetemeka. Mama Thangam akatokeza mlangoni, mwiko wa sambar, mchuzi wa dengu, mkononi.

"Fundi, umesikia? Ndivyo ninavyopika kila siku. Huyu bwana asipopunguza, nakwenda zangu Erode kwa kaka yangu, na sirudi."

Mumewe, Mzee Ponnusamy, hakugeuka. Miaka thelathini alikuwa ameendesha projekta kwenye majumba ya sinema ya Coimbatore, na masikio yake yalibaki huko.

Imepita miaka kumi na moja, lakini uchovu wa siku ile bado naukumbuka mgongoni. Ilikuwa nyumba yangu ya tatu tangu asubuhi. Nilisimamisha maikrofoni ya kupimia kwenye kiti cha mzee, nikapiga mvumo unaopanda taratibu kutoka chini kabisa, nikatazama mstari kwenye kompyuta. Kisha nikapima jikoni. Kwenye hezi thelathini na nane, mvumo wa chini sana, mstari wa jikoni ulikuwa na mlima. Kwenye kiti cha mzee, shimo. Sauti ile ile ilimrundikia mke na kumkimbia mume, naye kila alipoikosa, aliongeza.

Kichujio cha sauti ni kama wembe. Unakiambia kikate wapi, kwa upana gani, kwa kina gani. Mlima hukatika. Shimo halijazwi; ukilazimisha, unaitesa spika bure.

"Dawa ni kuhamisha kiti!" nikapaza sauti. "Mita moja mbele, Mzee. Wewe utapata besi yako, na ya jikoni nitaikata."

"Hakihami."

"Mita moja tu."

"Nimesema hakihami. Wewe fundi wa sauti au wa samani?"

Mama Thangam akacheka cheko lisilo na furaha. "Si nilikwambia? Kichwa jiwe la kusagia. Anakaa hapo anihesabie pilipili." Akarudi kwenye chungu chake.

Nilisogea mita ile moja, nikachuchumaa nipime. Hapo ndipo nilipoona kwamba mlango wa jikoni umepotea. Mbele yangu ulikuwa ukuta mtupu.

Mzee aliinama karibu yangu. Alidhani ananong'ona.

"Mwezi wa Aadi alianguka pale jikoni. Mimi nilikuwa hapa hapa, sikusikia kitu. Nilikwenda kutafuta kahawa, nikamkuta sakafuni. Nikikaa hapa namwona. Usimwambie."

Nyumba nzima ilisikia. Jikoni, mwiko ulinyamaza.

Sikubishana tena. Nilikata hezi thelathini na nane, mkato mwembamba, desibeli tisa kwenda chini, nikijua kwamba hata kile kidogo alichokuwa akikipata nakiondoa. Nikaweka filamu. Treni ikapita kwenye skrini, magurudumu yakisaga reli, na vyombo jikoni havikusema neno. Mzee alibandika kiganja kwenye mkono wa kiti, akatafuta mtetemo, akatafuta.

"Safi," akasema. "Kazi nzuri sana, mwanangu."

Nimefunga mitambo mingi tangu hapo, lakini ni hiyo moja tu niliyoikabidhi nikijua nimeiharibu. Nilikuwa nakunja waya Mama Thangam alipokuja kusimama mlangoni, akijifuta macho kwa pindo la sari.

"Baba Selvi," akamwita mumewe, "ongeza kidogo. Sasa hainisumbui."

Mzee hakusikia. Aliona midomo tu ikicheza, akamwinulia mkono.