Mlima wa Genkuru na Heshima ya Wakwe

Mzee Stanslaus Waitara alikuwa amefanya ufundi wa magari pale Kerende kwa miaka thelathini na minne, na hakuna injini ya kabureta iliyowahi kumshinda. Alikuwa akiinama nyuma ya ekzosi, bomba la kutolea moshi, akanusa mara moja kama mpishi anusavyo mchuzi, akarudi kukaza skrubu robo mzunguko, na gari likatulia. Lakini Subaru ya Joram Ogweno aliinusa siku tatu mpaka akaumwa kichwa, na moshi ukabaki mweusi vilevile.

Joram alikuwa mfanyabiashara wa Sirari. Ndugu zake wa ng'ambo ya mpaka walimfungia turbo kubwa ya kusukumia hewa kwenye injini na kompyuta ya injini inayokubali kupangwa upya, ila hawakumaliza kuipanga. Asubuhi ya siku ya nne aliacha neno kwamba angerudi saa kumi jioni, na akikuta gari bado linafuka kama tanuri la matofali, angeliburuza hadi kwa ndugu zake, na Sirari nzima ingejua ni fundi gani aliyeshindwa. Hilo ndilo lililomnyima Mzee hamu ya chai.

Nyumbani kwake alikuwepo mtu mmoja tu aliyeweza kuipanga kompyuta ile. Huyo ni Agustina, mke wa mwanawe Marwa. Alisomea ufundi Mwanza, na alipoolewa alikuja na sanduku la nguo, kompyuta ya mkononi, na sensa ya kufunga kwenye ekzosi ili kupima hewa na petroli. Elimu haikuwa shida. Shida ilikuwa heshima. Kwa Wakurya wa rika la Mzee, mkwe na mkamwana hawapeani mikono, hawaketi pamoja, wala hawasemeshani kama watu wanaogombania bei sokoni. Huyu akiingia sebuleni, yule anatokea mlango wa uani. Walikuwa wameishi hivyo miezi mitano bila dosari, na Mzee alijivunia jambo hilo kuliko kabureta zote alizozitengeneza.

Sasa, kompyuta ile haipangwi gari likiwa limesimama. Ni lazima lipande mlima, mmoja aendeshe na mwingine atazame namba. Marwa alikuwa zamu mgodini. Na kumwachia mtu baki usukani wa gari la mteja, Mzee hakuwahi kufanya hivyo tangu azaliwe.

Mkewe, Mama Efrazia, ndiye aliyekata shauri. Alitundika kanga kati ya viti vya mbele na vya nyuma, akageuza kioo cha ndani kitazame dari, akamweka Agustina nyuma na kompyuta mapajani. Kisha akakaa mbele yeye mwenyewe, awe mdomo wa wote wawili.

Walipoanza safari, Agustina alimweleza mama kwamba kilo moja ya petroli hutaka kilo kama kumi na nne na nusu za hewa. Likipanda mlima gari linataka mafuta zaidi, kwa hiyo namba hiyo ya hewa ishuke hadi kumi na mbili. Ikipanda badala ya kushuka, injini inakosa mafuta, na pistoni zinaweza kuyeyuka.

"Anasema ni kama ugali," Mama Efrazia akamgeukia mumewe. "Unga na maji. Wewe siku zote unapika uji."

Mzee akajibu kwamba ugali huo aliupika kabla Agustina hajazaliwa. Mama Efrazia akaona jibu hilo halina faida, hakulifikisha.

Kusema kweli, kanga haizibi masikio. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, na bado wote walingoja tafsiri. Agustina aliomba baba akanyage mafuta polepole, tafsiri ikasema, "Unakanyaga kama unaua nyoka." Mzee akapunguza, huku amenuna, na Agustina akapunguza petroli kwenye kompyuta. Mwisho wa tambarare alisimama, akashuka, akanusa ekzosi. Hakukuwa na harufu. Alifurahi, na palepale akaumia moyoni.

Kisha wakauanza mlima wa kuelekea Genkuru. Turbo ikapiga mluzi. Katikati ya mlima wakawakuta akina mama wa kwaya wanatembea kwa miguu, na Mama Efrazia, ambaye hakuwahi kuonekana katika gari la namna ile, akatoa nusu ya mwili dirishani, akawa anamuuliza kwa sauti mmoja wao, Waisiko, habari za nyumbani, za ng'ombe na za magoti.

"Mama, mwambie baba aachie mguu," Agustina akasema.

Mama alikuwa bado kwenye habari za magoti.

"Mama. Namba imefika kumi na tano. Mwambie aachie."

Mzee alisikia kila neno. Lakini neno lilikuwa la mkewe, halijawa lake bado, na mtu hapokei ujumbe wa mwingine. Mguu ukabaki pale pale, na jasho likamtoka mpaka kwenye kola.

"Baba, achia mguu."

Mguu uliachia wenyewe. Gari likajivuta hadi kando ya barabara, Mzee akavuta breki ya mkono. Mama Efrazia akarudisha kichwa ndani.

"Nani kakwambia usimame?"

Mzee alifuta jasho kwenye kola.

"Injini," akasema.

"Injini imesema?"

"Imesema niachie mguu. Na ina adabu, imeniita baba."

Nyuma ya kanga mtu akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Kisha vidole vikaanza kugonga kompyuta, vikiongeza petroli ya mlimani. Wakateremka hadi chini ili waanze upya.

"Mwambie mkamwana wako," Mzee akasema, "injini ikiwa na neno jingine, isingoje."

Mama Efrazia alimtazama mumewe, akaitazama na kanga. Akatoa kichwa dirishani, akakiacha huko njia nzima, ingawa barabarani hakukuwa na mtu.

Hadi kileleni injini ilisema mara nne, na mara zote Mzee aliitii. Namba ikatulia kwenye kumi na mbili. Saa kumi Joram Ogweno alizunguka nyuma ya gari lake mara tatu, likiwa linaunguruma, akitafuta moshi wa kulalamikia, akaukosa.