Jezi Safi ya Namba Nane

Mimi sihitaji kwenda uwanjani ili nijue nani amecheza na nani amezurura. Mimi ni dobi, na jezi za timu yetu zinafuliwa kwangu. Kila mchezaji huondoka uwanjani na yake, na Jumatatu asubuhi huileta dukani ndani ya mfuko. Nikifungua mfuko tu, mechi nzima naiona. Beki wa kati, ambaye magazeti hayamtaji hata kwa bahati mbaya, huleta tope mpaka ndani ya kola. Kipa huleta nusu ya uwanja. Winga wetu wa nywele za rangi, anayelipwa kuliko wote, huleta manukato.

Hilo ndilo linaloniudhi katika dunia hii. Anayejituma haonekani, anayejua kukaa vizuri kwenye picha ndiye anayeitwa nyota. Ingia ofisi yoyote, utamkuta kipa mmoja anahangaika peke yake na winga mmoja anapandishwa cheo. Nikianza kuyasema haya, mke wangu, ambaye ndiye anayepiga pasi, huniomba nisogee kwa sababu nimesimama mbele ya feni.

Sasa, winga angalau alikuwa na jasho chini ya manukato. Aliyenimaliza kabisa ni Namba Nane. Kiungo, kijana mpya, mtu ambaye kazi yake ni kukaba na kuanguka, na jezi yake kila Jumatatu inakuja safi. Wiki ya kwanza nikanyamaza. Ya pili nikaguna. Ya tatu nikamwita mke wangu aje ashuhudie.

Akaishika, akaipeleka puani. "Hii inanukia sabuni," akasema.

"Unaona? Mtu gani anacheza dakika tisini halafu ananukia sabuni?"

Alitaka kusema kitu, lakini mimi nilikuwa nimeshapandisha mori na nilikuwa natafuta simu. Kila Jumanne redioni kuna kipindi cha michezo ambacho wasikilizaji hupiga na kutoa maoni. Mtangazaji hakuniuliza chochote zaidi ya kazi yangu. Nikamwambia mimi ndiye dobi wa timu, jezi hazidanganyi, na Namba Nane anakwenda uwanjani kutembea. Nikaongeza kwamba nchi haiwezi kuendelea kwa watu wa aina hiyo. Mtangazaji akasema huo ndio uchambuzi, si porojo za wale wenye suti.

Jumapili jukwaa zima lilikuwa linamwita Msafi. Kila akigusa mpira, watu wananyanyua vipande vya sabuni. Nilikuwepo, na sitadanganya, nilifurahi. Nilijiona mtu. Namba Nane akatoa pasi tatu mfululizo kwa wapinzani, na kabla ya mapumziko kocha akamtoa. Jumatatu hakuleta jezi.

Alhamisi akaingia dukani mama mmoja wa makamo, ameshika mfuko.

"Habari za kazi, baba."

"Nzuri, mama. Karibu."

"Wewe ndiye dobi wa redioni?"

Nikajinyoosha. Nilidhani ni mpenzi wa kipindi. "Ndiye mimi."

"Mimi ni mama yake Namba Nane." Akafungua mfuko, akaiweka jezi juu ya meza. Ilikuwa na tope begani, kifuani, na ubavu mzima wa kushoto, na kijana mwenyewe hakumaliza hata kipindi kimoja. "Nimekuletea kama alivyoivua. Njia nzima nimeona haya."

"Na zile nyingine?"

"Zile nilizifua mimi. Akishavua tu, nafua, naanika, naikunja."

"Lakini mama, ilikuwa inakuja kufuliwa."

"Najua inakuja kufuliwa. Ndiyo nguo ya mwanangu itoke nyumbani kwangu na tope, ifunguliwe na watu? Si wangesema hana mama?"

"Mama, hapa ni kwa dobi."

"Kwani dobi si mtu?"

Nikageuka kwa mke wangu nikitegemea msaada. Aliiweka pasi chini taratibu. "Na mimi ningefua," akasema.

Mama hakuwa amekuja kugombana, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. Angenitukana ningepata pa kushika. Alinieleza tu kwamba kamati ya timu inakaa Jumatatu kuandika majina ya msimu ujao. Kocha alikuwa amemwahidi mwanawe kipindi cha pili cha Jumapili ajitetee. Akivurunda, jina lake halimo. "Na wakimzomea tena, atavurunda," akasema. "Miguu yake inafungana."

Niliona aibu, tena aibu ya mtu mzima, ile inayopanda ikakaa masikioni. Miaka yote nawatukana waamuzi kwamba wanapuliza filimbi bila kuona. Mimi nilikuwa nimepuliza yangu redioni.

Jumanne ilikuwa mbali, kwa hiyo nikapiga simu studio palepale, mama akiwa amesimama mbele yangu. Safari hii mtangazaji alitaka jina langu kamili. Akauliza nina undugu gani na mchezaji, nani amenituma, na ushahidi uko wapi. Nikamwambia ushahidi ni mama yake, huyu hapa. Akacheka, akasema mama ni mama, na simu ikakatika. Wiki iliyopita nilimchafua mtu hewani na hakuna aliyeniuliza hata kama nina macho.

Jumapili wakati wa mapumziko nikashuka mpaka kwenye uzio. Namba Nane alikuwa anapasha misuli upande wa pili, mwembamba kuliko jezi yake. Sabuni zilikuwa zimeshaanza kunyanyuliwa.

"Kijana," nikamwita, "mimi ndiye yule dobi. Nilikukosea sana. Naomba unisamehe."

Akaja karibu. Alikuwa na adabu ya kwao, ilinizidishia maumivu. "Mama aliniambia, mzee. Nimeshakusamehe." Kisha akatazama jukwaa nyuma yangu. "Sasa waambie na wao."

Zilibaki dakika nane. Nikaenda safu ya kwanza, nikaanza na bwana wa pembeni kabisa, mwenye kipande cha sabuni ya buluu mapajani. Nikamweleza yote: mama na aibu yake, jezi kufuliwa kabla ya kufuliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho akinihurumia.

"Mzee, hujui mpira," akasema. "Kuna dobi anafua jezi zao. Alisema mwenyewe redioni."

"Dobi huyo ndiye mimi."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Yule dobi anaujua mpira," akasema. "Sogea, unatuziba."

Nikasogea kwa wa pili. Wa pili akaniuliza nimelipwa na nani. Wa tatu aliishusha sabuni, kisha akatazama kulia na kushoto, akainyanyua tena. Filimbi ya kipindi cha pili ilipolia, Namba Nane akaingia, na mimi nilikuwa kwa mtu wa sita, bado safu ileile ya kwanza, na nyuma yake walikuwa wamekaa watu kama elfu mbili.