Mapafu Mazima ya Mzee Ndlela

Mapafu ya Mzee Ndlela yalikuwa mazima, na huo ndio uliokuwa msiba wake.

"Puliza tena," alisema daktari wa bodi ya rufaa, akimsogezea kipimo cha pumzi.

Mzee Ndlela alijitahidi kupuliza kinyonge, kama mgonjwa mwenye adabu. Mapafu yake hayakuwa na adabu hata chembe. Mshale ulipanda mpaka mwisho wa kipimo ukagota. Daktari akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaaluma, akamgeukia mwenyekiti na kumwambia kwa Kiingereza, "Mapafu ya kijana. Huyu tungempa tarumbeta."

Mzee aliipokea sifa hiyo kama mtu anayesomewa hukumu. Tangu azaliwe hajawahi kuugua pumu. Alichokuwa nacho ni mikono. Ngozi yake ilikauka, ikapasuka, ikatoa maji, ikawasha kana kwamba siafu wamepanga vyumba ndani yake. Hali hiyo ilimwanza kambini, enzi za ukimbizi, alipokuwa mpiganaji wa ukombozi, na tangu hapo imemfuata kwa uaminifu ambao hata baadhi ya makamanda wake hawakuwa nao. Sasa amerudi kwao kusini, anaishi mtaa wa Rosettenville na mkewe Perpetua, Mluguru aliyemwoa kule Morogoro. Kliniki ya mtaa ilishampa kila dawa ya kupaka iliyokuwa kabatini. Aliyebaki ni bingwa wa ngozi wa hospitali ya jeshi, na mlango wa bingwa huyo haufunguki mpaka bodi ikubali kwamba ugonjwa wa mpiganaji ulitokana na utumishi wake.

Bodi, kwa upande wake, ilikuwa ikimshughulikia kwa pumu. Tena si pumu ya hivi hivi. Pumu iliyosababishwa na kutengeneza ngozi za ng'ombe.

Ilikuwa hivi. Siku ya kuwasilisha dai, vidole vya mzee vilikuwa vimevimba kama ndizi mshale, akabaki kitandani. Perpetua akaenda peke yake. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota mtaani, kilianzia kwenye "eish" na kuishia kwenye "sharp", kwa hiyo akaitiwa mkalimani, kijana wa Lubumbashi aitwaye Ruphin. Perpetua akasema kama wasemavyo watu wa kwao: mume wangu ana pumu ya ngozi, ilimpata kambini. Kwa Mtanzania hilo ni jina la ugonjwa unaojulikana, ngozi kuwasha na kuchubuka, leo umetulia, kesho umerudi. Lakini kwao Ruphin jina hilo halijulikani. Kwake pumu ilikuwa kifua, na ngozi ilikuwa ile ya viatu. Akaviunga vyote viwili kwa moyo safi. Bodi ikatafuta kambini karakana ya ngozi, haikuiona, ikakataa dai.

Mzee alipokata rufaa akaeleza kwamba ni mikono. Akajibiwa, kwa heshima zote, kwamba rufaa husikiliza ugonjwa ule ule uliodaiwa mwanzo. Mikono ni ugonjwa mpya, na muda wa kuleta magonjwa mapya umepita. Ama awe na pumu, ama asiwe na kitu.

Kwa hiyo alikuwa pale, ameketi katikati ya chumba, mwezi wa saba, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi na hita inapuliza miguuni. Suti ya sufu ilikuwa chaguo la Perpetua. Glavu nyeusi pia. Na marufuku ya kujikuna ilikuwa yake vilevile. "Mtu anayejikuna mbele ya wakubwa, Baba Hyasinta," alikuwa amemwonya kwenye teksi, "huonekana ama mwongo ama ana chawa."

Joto likapanda. Siafu wakaamka.

"Shahidi asimame," alisema mwenyekiti, mama mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo.

Perpetua akasimama. Mkalimani akasimama kando yake. Alikuwa Ruphin, yule yule.

"Mwambie aeleze ugonjwa wa mumewe."

"Ni pumu ya ngozi," alisema Perpetua. "Nilishasema, na leo nasema."

"Pumu, kutokana na ngozi za wanyama," alitafsiri Ruphin kwa Kiingereza kizuri sana.

"Hapana!" Mzee Ndlela akaruka kitini. "Mheshimiwa, hajasema..."

"Mzee Ndlela, zamu yako ilikwisha. Mdai hawezi kumtafsiria shahidi wake mwenyewe. Ukikatiza tena, utasubiri nje."

Akaketi. Katika chumba kizima ni yeye peke yake aliyesikia upande wa mke wake na upande wa bodi na kuelewa vyote vilivyo, na ni yeye peke yake aliyekatazwa kusema. Akaibana mikono katikati ya magoti. Ikawasha zaidi.

Daktari akauliza, "Ugonjwa ukimzidi, shahidi humsaidiaje?"

Perpetua akajibu bila haya, "Nampaka mafuta ya nazi, yale nanunua kwa Wasomali wa mtaa wa Mayfair. Halafu namvalisha soksi mikononi, maana akilala anajikuna kama mbuzi kwenye ua."

Ruphin akaanza. "Pumu ikimbana, anampaka mafuta ya nazi, halafu anamvalisha soksi..." Akasita. "Mikononi."

"Soksi," alisema daktari. "Kwa pumu."

Ruphin akamwinamia Perpetua, akarudi kwenye Kiswahili cha kwao. "Mama, soksi njo dawa ya pumu?"

"Pumu ya ngozi, mwanangu! Ngozi! Hii!" Perpetua akamfinya shavu, akalivuta mpaka jicho likamtoka. "Hii uliyozaliwa nayo!"

"Aii, mama!" Ruphin akatazama viatu vyake. "Miye nilizani ngozi ya bilatu."

"Viatu? Nani augue viatu?"

"Shahidi anasema nini?" aliuliza mwenyekiti.

Mzee Ndlela alimwona Ruphin akimeza mate, akajua anachokimeza. Wakalimani huitwa kwa siku, na aliyeharibu haitwi tena. Kijana naye alikuwa ameingia mtegoni, na mlango wa kutokea ulikuwa mmoja kwa wote wawili.

Perpetua hakungoja. Akamwendea mumewe, akaivua glavu ya kulia, akaushika mkono ule mwekundu uliopasuka na kuutia kwenye kiganja cha Ruphin. "Mshike," alisema.

Watu wengi waliuogopa mkono huo. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, majirani wa mzee walimpungia kwa mbali kama anayesafiri. Mzee akasubiri kijana aurudishe. Kijana hakuurudisha. Aliuangalia, akainua kichwa.

"Mheshimiwa, shahidi anasema mkalimani ni mpumbavu."

"Amesema hivyo?"

"Hapana. Hilo nimeongeza mwenyewe. Yeye anasema ni ngozi ya mwili. Alisema hivyo tangu siku ya kwanza. Habari ya ng'ombe ilikuwa yangu."

Mwenyekiti akavaa miwani, akaivua, akanong'ona na daktari. Daktari akaja, akaugeuza mkono kwenye mwanga wa dirisha, uso wake ukabadilika.

"Hii haikuanza jana," alisema.

"Basi ugonjwa si mpya," alitangaza mwenyekiti, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilijua hilo siku zote. "Kilichokuwa kigeni ni tafsiri. Bodi inampeleka mdai kwa bingwa wa ngozi, mwisho wa mwezi."

Mzee Ndlela akavuta pumzi ndefu, kwa yale mapafu yake mazima. Mkono wa kushoto ukaanza safari ya kwenda kwa wa kulia.

"Ila mzee," alisema daktari, "mpaka siku hiyo usipake kitu, na usijikune kabisa. Bingwa atataka kuiona ilivyo."

Mkono ukasimama njiani. Perpetua alikuwa ameshafungua mkoba. Ndani mlikuwa na jozi ya soksi za kijivu, zimekunjwa vizuri.

Nyumbani huwa wanagombana juu ya soksi hizo kila usiku, mzee akizikataa, mpaka mmoja wao achoke. Safari hii mzee aliinyoosha mikono yote miwili mwenyewe, mbele ya bodi nzima, akasubiri kuvalishwa.