Mdomo wa Mwenyekiti

Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye banda la video la Efraimu upande wa Terrat, watu walikuwa wanacheka hadi mabenchi yanahama. Filamu ilikuwa inazidhihaki zile za zamani za kung fu. Babu mmoja mwenye nyusi zinazofika kifuani alirusha teke, na mlio wa teke ukaja wakati aliyepigwa ameshaanguka, ameshainuka, anajikung'uta vumbi. Babu alichezesha mdomo, akaufumba, ndipo maneno yake yakaanza. Efraimu alitafsiri kwa maiki na kuchelewa makusudi, na utamu wote ulikuwa hapo. Naisiae, mjane anayefuga mbuzi, alijifuta machozi kwa ncha ya shuka. Hakuwa amecheka namna hiyo tangu amzike mumewe.

Benchi la mbele alikaa Elihuruma, mwenyekiti wa mtaa, na alicheka kuliko wote. Filamu ilipoisha alifumba mdomo na kutoka. Kicheko chake kikabaki nyuma kidogo, kikamfuata mlangoni. Watu wakakipisha, kikapita.

Jumanne kulikuwa na mkutano wa mtaa. Naisiae akasimama.

"Mwenyekiti, nimekuta vigingi kwenye kiwanja changu. Vimepita juu ya kaburi la mume wangu. Nani kavipiga?"

Mdomo wa Elihuruma ulicheza kwa upole, bila sauti. Akatabasamu, akakaa. Watu wakasubiri. Sauti yake ilifika wakati anafungua chupa ya maji.

"Nimekiuza mimi. Saini yako nimeiweka mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Ukuta unaanza Alhamisi."

Mwenyekiti mwenyewe aliisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa, kisha akanywa maji. Anneth, karani wa mkutano, alikuwa ameshamaliza kuandika. Akasoma kwamba mwenyekiti amemhakikishia mama kuwa kiwanja kipo salama na suala lake linafanyiwa kazi. Alikuwa ameusoma mdomo. Midomo ya viongozi si shida kuisoma, maneno ni yale yale miaka yote.

"Anneth, mwanangu, hukusikia?" aliuliza Naisiae.

"Nimesikia, mama. Ila muhtasari unaandika kilichosemwa. Kilichosikika hatuandiki."

Watu wazima themanini, kila mmoja na masikio yake mawili, wakatazama viatu vyao. Hawa hawa, mbuzi akimega mchicha wa jirani, mtaa haulali kwa maneno. Inatia hasira, na atakayesema haitii hasira basi naye alikuwepo mkutanoni. Mzee mmoja akauliza kama ajenda ya bomba la maji itafikiwa kabla mvua haijaanza. Ilifikiwa.

Jumatano asubuhi Naisiae alikwenda nyumbani kwa Elihuruma. Akapewa kigoda na kikombe cha chai.

"Sikuja kunywa chai," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya mume wangu. Nirudishie ardhi yake."

Mdomo wa mwenyekiti ukasema pole. Ulisema taratibu, na macho nayo yakasema pole. Naisiae akaisubiri sauti. Chai ikapoa, kuku wakaingia wakafukuzwa, na yeye amekaa palepale, kwa kuwa alijua kuwa ukweli wa mtu huyu huja, tena huja wote.

"Sasa utafanya nini?" sauti ikauliza.

Elihuruma alikuwa ameshaanza kumimina chai nyingine.

Alhamisi lori lilishusha tofali, na mafundi wakaanza kuchimba msingi. Walipokaribia kaburi, fundi mkuu akawasimamisha wenzake. Alikuwa kijana wa adabu, aliyelelewa vizuri. Akavua kofia, akamfuata Naisiae pale aliposimama.

"Shikamoo, mama. Samahani, marehemu kichwa chake kipo upande gani? Tusije tukamwagia zege usoni."

 Naisiae akaenda, akamwonyesha.