Mgunga Uliomfuata Mshonaji

Saa tatu asubuhi mpima udongo alitoboa shimo la kumi na moja katika shamba la mahindi, akatia udongo kwenye chupa, akaongeza dawa, akatikisa. Maji hayakubadilika rangi.

"Rutuba hapa hakuna kabisa," alisema.

"Si niliwaambia? Kaiba," alisema mwenye shamba, panga mkononi, akiigeukia kamati ya ardhi iliyokuja kusikiliza malalamiko yake.

Aliyeshutumiwa alikuwa mshonaji, mjane wa kaka yake. Mumewe alipofariki, shemeji huyo alilichukua shamba kabla wiki haijaisha, akamwachia yeye na bintiye kibanda kwenye changarawe ng'ambo ya njia. Mti wa mgunga ulibaki shambani. Mizizi yake ilimfuata mshonaji.

Mpima alivuka njia. Udongo wa chini ya cherehani uligeuza maji ya chupa kuwa zambarau. Kizingitini mahindi yalikuwa yameota yenyewe hadi usawa wa dirisha.

"Mizizi ya mgunga hurutubisha udongo, na hulegeza madini yaliyokwama kwenye mawe," alieleza. "Ikihama, rutuba nayo huhama. Dada, hebu tembea hatua kumi."

Mshonaji alitembea. Ardhi ilivimba nyuma ya visigino vyake, ikatulia aliposimama. Mwenyekiti wa kamati ya ardhi aliandika: hatua kumi.

"Naukata leo leo," alisema shemeji, akauendea mti.

Mshonaji alimtangulia, akaegemeza mgongo kwenye shina.

"Miaka tisa niliumwagilia maji niliyofulia mashuka ya ndugu yako, shemeji. Wewe hukuleta hata kopo."

Panga lilikuwa juu. Binti aling'ang'ania gauni la mama yake. Mwenyekiti hakuinua macho kutoka kwenye daftari.

"Mti uko shambani, kwa hiyo mizizi ni ya mwenye shamba," alisema. "Mama atakaa humu kila siku, asubuhi hadi adhuhuri. Kiti ataletewa."

"Na shamba langu?" mshonaji aliuliza.

"Hilo halimo kwenye malalamiko."

Panga likashuka.

Jumatatu mshonaji alikwenda na suruali ya mteja, akaipinda kwa mkono. Wiki ya tatu mahindi ya shemeji yalikuwa kijani kibichi, na yale ya kizingitini binti alikuwa ameyang'oa makavu. Shemeji alikagua mistari yote, akakuta mmoja bado una manjano.

"Shemeji, sogea kushoto kidogo."

Mshonaji alibana sindano midomoni, akabeba kiti, akasogea.