Poda ya Délice

Siku matokeo ya mtihani wa taifa wa darasa la sita yalipotoka, Dorine alimwagiwa poda ya hongera nyingi kuliko mwanawe aliyefaulu. Alipita Kasenga nzima akiwa mweupe kama mpika mikate, akaingia kwa wifi yake Laurette bila hodi.

"Mama Délice! Shule yetu iko na asilimia mia! Yenu je?"

"Unajua vizuri."

Shule ya Rugenge, alikosoma Délice, ilikuwa imeangusha wengi. Laurette hakulaza damu. Binti yake alikuwa anaingia darasa la sita, naye alitaka kumwona na poda kichwani. Alinunua kopo zima mapema, akalitia mkobani, akamshika mtoto mkono wakaenda kuandikishwa shule ya akina Dorine.

"Minye sitaki," Délice alisema njiani.

"Weye utataka siku ya poda."

Direkta Venant, mkuu wa shule hiyo, bwana nadhifu, aliwaingiza kwanza kwenye masomo ya likizo wajionee. Ubaoni palikuwa na shamba la mstatili, urefu mita ishirini, upana kumi na tano. Eneo lake? A, mia mbili. B, mia tatu. C, mia nne.

"Shamba la..." alianza direkta.

"B!" darasa zima likapaza sauti.

"Umeona, mama?"

Laurette alipenda. Lakini hakuwa mtu wa kununua samaki bila kumfunua mashavu. Aliomba chaki, akafuta kumi na tano, akaandika kumi.

"Na sasa, watoto?"

"B!"

Délice peke yake hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa upande akiutazama ubao.

"Nani amelikata hilo shamba? Ziwa?"

Wakamcheka. Yeye hakuwa na mzaha. Kule Rugenge, kila mvua zikiisha, mwalimu wao, Madamu Anne-Marie, huwatoa darasani na kamba wapime uwanja uliobaki baada ya ziwa kupanda.

"Sasa ni A," alisema. "Lakini ziwa halikati hivyo, kwa mstari ulionyooka. Kwetu lilikula pembeni."

Direkta akakohoa. "Hapa hatuna muda wa pembeni, mama. Mtihani unataka herufi."

"Na sekondari wakimuuliza sababu?"

"Hiyo kazi ya sekondari."

Laurette alimrudishia chaki, akamshukuru, akatoka. Nje ya lango alifungua kopo akalimimina lote juu ya kichwa cha Délice.

Dorine, aliyekuwa akiwangoja hapo, alishika kiuno. "Weye Laurette! Poda kabla ya mtihani? Na akianguka?"

"Atarudia. Poda yake ameshaipata."

Mwendesha pikipiki mmoja alipunguza mwendo. "Hongera, mtoto! Umepata ngapi?"

Délice akapiga chafya. "Bado sijafanya!"

Wakashika njia ya Rugenge, poda ikidondoka nyuma yao.

"Mama, kamba ya shule imeoza. Madamu anasema iko fupi."

"Tutapitia sokoni," Laurette alisema. "Tuchukue ndefu."