Karatasi Ndani ya Kanda

Mikono ilipanda yote kwa pamoja, mia na kitu, vidole vimetanuliwa, ikatikisika hewani kama majani ya mti unaopigwa na upepo usiosikika. Hakuna aliyepiga kofi. Hakuna aliyepiga mluzi wala kugonga mguu sakafuni. Kipande cha kwanza kilikuwa kimeisha, mlio wa mwisho wa gitaa bado unakwaruza kuta, na ukumbi mzima wa chama cha maseremala ulikuwa kimya, umejaa watu wazima wanaotingisha viganja na kutabasamu. Jukwaani, nyuma ya ngoma, mdogo wangu aliitazama ile mikono. Kisha akaanza kunitafuta mimi.

Nilikuwa mlangoni. Sikujificha. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii.

Bendi ilikuwa ya watu watatu na haikuwa na mwimbaji. Gitaa lilikuwa la fundi cherehani tuliyemwita Sindano, mwembamba, mpole, aliyesugua nyuzi kwa rula ya kupimia nguo mpaka gitaa likalia kama lori linalofunga breki. Besi ilipigwa na dada mmoja mwalimu wa hesabu; sote tulimwita Mwalimu, hata waliomzidi umri. Ngoma zilikuwa za mdogo wangu. Roki yao haikuwa na ubeti wala kiitikio. Kipande kimoja kiliweza kupanda mlima dakika kumi na nane na kisishuke. Mama alipokwenda kuwasikiliza mazoezini alikaa mpaka mwisho, mkoba mapajani, halafu akauliza, "Wanangu, mbona mnaandaa meza tu? Chakula kinakuja saa ngapi?" Sindano alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana. Lilikuwa swali langu pia.

Maana mimi ni mtu wa maneno. Shule ilinitema darasa la saba; yaliyobaki nilijifundisha kwenye magazeti ya kufungia vitu, nikawa naandika migongoni mwa fomu zilizoharibika katika duka la fotokopi nilikoajiriwa. Vipeperushi vyangu vilibandikwa kwenye nguzo za umeme na kuchanwa, vikabandikwa tena. Katika bendi isiyo na maneno, kazi zote za maneno ziliangukia kwangu: barua ya kuomba ukumbi, matangazo, majalada ya kanda.

Kabla ya fotokopi nilikuwa kiwandani, kile kile cha mabeseni na sufuria alikofanya kazi mdogo wangu. Walinifukuza kwa kuulizia glavu. Ilikuwa Jumanne. Msimamizi alikuwa anakula ndizi, na alisema bila kuacha kutafuna, "Mikono ni yako, mashine ni yetu. Kila mtu atunze chake." Miaka saba niliibeba ile sentensi kama kokoto ndani ya kiatu. Watu waliniambia nisamehe. Niliwaambia mimi sina ugomvi na kusamehe, ila kumbukumbu yangu ina afya nzuri.

Masikio ya mdogo wangu niliyagundua alipoanza kututazama midomo. Mama angemwita kutoka jikoni, naye angeendelea kufunga kamba za viatu, ametulia kama mtu mwenye kiburi. Jioni moja nilisimama nyuma yake chumbani tulimolala wote wawili nikamtukana tusi zito, tusi la kumfufua maiti. Aliendelea kukunja shati lake.

Nilimshika bega akageuka.

"Tangu lini?"

"La kulia, mwaka juzi. La kushoto bado linajikongoja."

"Ni ile mashine."

"Kaka, mashine inagonga chuma mara arobaini kwa dakika. Ulitaka iwe nini, mbu?"

"Na ngoma unapigaje?"

Akaniambia. Nilikuwa nimeona yote miaka miwili bila kuelewa: kwamba anapiga peku, nyayo zimebandikwa kwenye ubao, kwamba spika ya besi lazima iwekwe nyuma yake, imguse kabisa. Mwalimu alidhani ni mbwembwe. "Besi inanigonga uti wa mgongo," alisema, "na Sindano ana kisigino kizito, kinanijia kupitia sakafuni. Nikiwapata hao wawili, njia naijua."

Nilikuwa tayari nimeshaanza kuandika kichwani. Aliona. Aliusoma uso wangu kabla sijafungua mdomo.

"Usifanye hivyo."

"Wamekuibia masikio, nawe unataka ninyamaze?"

"Wakijua, watakuja kumtazama kiziwi anayepiga ngoma. Watasikiliza sikio langu. Ngoma hakuna atakayezisikiliza tena. Nina hilo moja tu, Kaka. Apa."

"Naapa."

"Kwa nani?"

"Kwa Mama."

Akarudi kwenye shati lake.

Miezi minane nilikaa na kiapo kile. Katika miezi hiyo walirekodi kanda mpya, kwenye stoo ya vitambaa ya tajiri wa Sindano, katikati ya marobota yanayomeza mwangwi. Vipande vinne visivyo na majina, vyenye namba tu. Nakala mia mbili. Walichonitaka mimi ni kukata majalada na kuchapa zile namba.

Wiki ile ya kuchapa aliingia dukani mzee mmoja wa kiwandani, kutoa nakala ya cheti cha hospitali. Nilimuuliza anataka ngapi. Nikamuuliza tena. Nikapaza sauti mpaka mteja mwingine akaruka. Mzee alitabasamu tu, tabasamu la kuomba radhi, akaninyooshea karatasi. Alikuwa wa tatu mwezi ule. Nilipoiweka kwenye kioo nikasoma lililoandikwa, kwamba masikio yake hayasikii tena, na chini yake, kwa mwandiko ninaoujua, msimamizi alikuwa ameongeza: *Hakuna uthibitisho kwamba ni kazini.*

Alipoondoka niliandika. Sikufuta hata neno.

*Mpiga ngoma unayemsikia kwenye kanda hii mwenyewe haisikii. Kiwanda kilichukua masikio yake, beseni kwa beseni. Nenda jikoni kwako. Angalia beseni lako. Uliza nani mwingine.*

Chini niliweka jina la kiwanda na jina la msimamizi. Mashine ilizitoa zikiwa na joto, moja juu ya nyingine, nami nilizikunja moja moja na kuziingiza kwenye visanduku. Nilikuwa mtulivu kama mtu aliyepigwa sindano ya ganzi, anayetazama jino lake likiwekwa kwenye sahani.

Nakala tatu sikuziwekea karatasi: ya mdogo wangu, ya Sindano, na ya Mwalimu. Hapo ndipo ninapojijua. Kwa miaka nimejaribu kujiambia kwamba hasira ilinipofusha. Kipofu hachagui tatu kati ya mia mbili.

Zingine nilizipeleka mwenyewe kwa wauzaji. Kwa siku tisa zilipita mkono hata mkono, na siku ya kumi, Jumamosi saa tisa alasiri, foleni ya kuingia ukumbini ilizunguka jengo. Hawakuwahi kupata watu zaidi ya thelathini. Sindano alichungulia dirishani akarudi amejishika kifua. "Jamani, kuna harusi ya mtu humu?" Mdogo wangu alicheka, akavua viatu. Nilimsikia akimwambia Mwalimu, "Ni kipande cha tatu hicho. Nilikwambia kile cha tatu kitawaleta."

Nje, dada mmoja anayefundisha shule ya viziwi alikuwa anapita kwenye foleni akiwafundisha watu. "Tusimpigie makofi, hayasikii. Tufanye hivi." Na watu walifanya hivi, wakijaribu, wakicheka kidogo kwa aibu. Alikuwa mtu mwema. Nilimpita nikaenda kusimama mlangoni.

Kipande cha kwanza walikipiga kama sijawahi kuwasikia. Mwalimu alianza peke yake, noti moja nzito inayorudi, inayorudi. Rula ya Sindano ikaingia chini yake. Mdogo wangu alikaa dakika nne bila kugusa kitu, macho yamefumbwa, akisikiliza kwa mgongo. Halafu akagonga toazi mara moja, mahali ambapo usingemtegemea, na baada ya kugonga ukaona hapakuwa na mahali pengine. Siku ile nilipata jibu la swali la Mama. Nilikuwa nimechelewa siku kumi.

Kisha wakamaliza, na mikono ikapanda.

Makofi yeye aliyajua. Yalimjia kwenye ubao, kupitia nyayo, na alikuwa na tabia ya kukanyaga kwa nguvu kidogo watu waliposhangilia, kama anayeonja maji. Safari hii ubao ulikuwa umekufa. Sindano, aliyesikia kimya tu, alimwinamia Mwalimu. "Wamechukia?" Mwalimu akasema, "Sijui. Angalia waya." Na kijana mmoja mbele, mwenye mdomo mpana unaosomeka vizuri, alipaza sauti kwa moyo wake wote: "Tunajua, ndugu! Tuko pamoja nawe!"

Mdogo wangu alimtazama yule kijana. Akatazama mkononi mwa kijana: kanda, na ile karatasi iliyofunguliwa. Akanipata mlangoni. Hakukunja uso. Alinitazama kama unavyotazama saa ya ukutani, kujua tu ni saa ngapi.

Akainuka. Akaisukuma spika ya besi kwa bega mpaka ukutani, mbali na mgongo wake. Akarudi, akakaa, akavaa viatu vyake, akavifunga kamba, taratibu, cha kulia na cha kushoto. Kisha akahesabu kwa vijiti: moja, mbili, tatu.

Alikipiga kipande cha pili gizani, bila ubao wala besi ya kumwongoza. Mwanzoni alikwenda sawa, kwa mazoea tu. Baadaye akaanza kuwahi. Mwalimu aligeuka, akamkimbilia kwa besi, akampata, akampoteza. Sindano alijaribu njia yake, mwisho akaacha, akasimama na rula mkononi kama mtu aliyeshushwa kituo ambacho si chake. Dakika kumi na tano watu watatu walitembea barabara tatu. Mimi sijui muziki, lakini vile hata mtoto angejua.

Ukumbi ulilia. Watu walitoa leso. Walipomaliza, mikono ilipanda juu zaidi, ikatikisika kwa muda mrefu zaidi, mingine imebeba karatasi yangu. Ingekuwa wamemsamehe makosa ningeelewa. Hawakuyasikia.

Aliwainamia. Akaweka vijiti chini. Kipande cha tatu na cha nne havikupigwa.

Nilimsaidia kubeba. Ukumbi ulikuwa ghorofani, na ngoma kubwa hushikwa na watu wawili. Aliyezoea kumshikia upande wa pili nilikuwa mimi. Tulishuka ngazi, yeye akienda kinyumenyume, uso wake ukinielekea. Kwenye ngazi za kwanza nilikuwa na hotuba kamili. Nilitaka kumwambia kuhusu yule mzee, kuhusu cheti, kuhusu wale wengine.

"Kile cha pili," akasema. "Kilikuwaje?"

Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa mtu ninayejulikana mitaa mitatu kwa kusema kweli mbele ya polisi.

"Kilikuwa kizuri," nikasema.

Aliendelea kuutazama mdomo wangu baada ya mimi kuufunga.

"Hata wewe," akasema. Kisha, "Haya, shika vizuri, kuna kona."

Nilishinda, kama mnataka kujua. Karatasi ilifika kwa mkaguzi wa kazi, mkaguzi akaenda na watu wa gazeti, na kabla mwaka haujaisha kila mfanyakazi wa kiwanda kile alipewa vizuia kelele vya kuvaa masikioni. Msimamizi alihamishwa. Yule mzee wa cheti alilipwa, akaja dukani na mkewe kunishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mdogo wangu walimtoa kwenye mashine wakampeleka kupanga maboksi stoo, kwa huruma. Akakaa wiki moja, akaacha. Bendi haikukutana tena. Sijawahi kujua aliwaambia nini wenzake. Mwalimu tukikutana sokoni hunisalimia kwa adabu anayowapa wazazi wa wanafunzi.

Sisi hatukugombana. Hilo Mama hulisifu: wanangu hawajawahi kugombana. Alioa, nikasimama upande wake. Tulisaidiana kuezeka paa la Mama. Ananitania kuhusu mvi zangu, ananiuliza habari za mgongo wangu, ananishika bega akitaka nigeuke nimwonyeshe mdomo. Muziki tu ndio hautaji. Alipounda bendi nyingine, na watu wasiomjua, nilijua kwa tangazo lililobandikwa ukutani. Alipotoa kanda, nilisikia kwa mteja.

Mwezi uliopita walipiga kwenye ghala moja la zamani, mchana. Nilikwenda. Mezani nilinunua kanda kutoka kwa dada mwenye nywele fupi ambaye hakuniuliza mimi ni nani. "Ushawahi kuwasikia hawa?" aliuliza.

"Kidogo."

"Basi nenda kasimame karibu na ile nguzo ya pili. Pale ngoma hazikupiti."

Nilikwenda nikasimama. Watu hawakuwa wengi, arobaini, labda. Mdogo wangu alitoka wa mwisho, akakaa, akaanza kuvua viatu. Bwana mmoja wa makamo, kofia mkononi, alinisogelea.

"Samahani, kaka. Nasikia huyu wa ngoma ana hadithi yake ndefu. Unaijua?"

Naijua tarehe kwa tarehe. Najua hali ya hewa ya kila siku yake.

"Siijui," nikasema.

Akageuka amuulize mtu mwingine, lakini walikuwa wameshaanza.